Malkia Asiyekauka

Kuna makosa ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hayafanyi, na mojawapo ni kupaka rangi ya mafuta juu ya sanamu ya vinili. Vinili ni plastiki laini, ina mafuta yake ndani, na mafuta hayo hayachoki kutoka. Yakikutana na mafuta ya rangi, basi tena, rangi haikauki. Haikauki wiki ijayo wala mwaka ujao. Itanata mpaka sanamu iingie jalalani. Fundi mmoja wa meno bandia alilijua hilo kuliko wengi, maana aliwahi kumcheka mtu mzima mpaka machozi yakamtoka kwa kosa hilohilo. Na bado, wiki tatu baada ya kumzika mdogo wake, alifungua kopo la rangi ya milango, akachovya brashi, akampaka Malkia, sanamu yao ya vinili, kuanzia utosini mpaka ncha ya mkia.

Wateja walimwita Dokta, naye alishachoka kuwakataza. Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta, kioo na viti viwili vya kusubiria. Cha nyuma ndicho karakana, chenye rafu zilizojaa mataya ya plasta, kila taya limeandikwa namba kwa penseli, yote yameachama kuelekea mlangoni. Mgeni akiingia mle hushtuka kidogo, kisha hucheka ili asionekane kashtuka.

Kwenye pembe ya meza ya karakana hiyo, kwa miaka kumi na tisa, Dokta na mdogo wake waliunda sanamu. Si sanamu za kuchonga. Hizi huja ndani ya boksi, vipande vitupu visivyo na kitu ndani, mkono huku, kichwa kule, wewe ukate, uunganishe, upake rangi. Walikuwa wameshaunda wachawi, mashujaa wenye pembe na jitu moja lenye macho matatu ambalo mama yao alikataa kulala nalo nyumba moja. Mdogo wake huyo, karani wa shule, watu wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na jina lilimganda mpaka akaolewa nalo. Kitinda alikata na kuunganisha. Dokta alipaka rangi. Huo ndio uliokuwa mpaka: mmoja akishika wembe mwingine hagusi, na huyo mwingine akishika brashi, wa kwanza anakaa kando, mikono nyuma.

Ufundi wa Kitinda ulikuwa wa maji ya moto. Vinili hulainishwa kwanza ndipo ikubali kukatwa, kwa hiyo birika halikukauka siku za Jumamosi. Mara moja, miaka mingi iliyopita, alitumbukiza dole gumba la kulia pamoja na mguu wa shujaa fulani, na ngozi iliyoota baadaye ikaja laini tupu, bila mstari hata mmoja. Alipokwenda kutengenezewa kitambulisho walimbonyezesha kidole mara tisa kwenye kile kimashine, mpaka mhudumu akamuuliza kama yeye ni binadamu. Hadithi hiyo aliisimulia kila alipopata wasikilizaji, na kila mara idadi ilipanda.

Ugomvi wao ulitokana na bawa. Malkia alikuwa mwanamke wa kuogofya, mwenye mabawa ya popo, mkia wa kenge na taji la mifupa, kimo chake kinafika bega la mtu aliyekaa mezani. Kitinda alimuunganisha kwa Jumamosi nne. Bawa la kushoto likabaki na ufa mdogo tu, upana wa ukucha. Dokta aliuona na hakusema. Jumatatu, mwenzake akiwa kazini, alilipasha bawa kwa draya ya nywele, akalichomoa, akalikata upya, akalirudisha. Ilikuwa kazi safi, hilo tusimnyime. Lakini Kitinda alipokuja na kuligusa bawa mara moja tu, alijua. Aliuliza kwa upole ni nani kalishika, na Dokta, badala ya kuomba radhi, akaanza kumfundisha namna ufa unavyozibwa. Kitinda alimshika kidevu, kama alivyomfanyia tangu utotoni alipotaka asikilizwe, akamgeuza uso.

"Dada, hata nikifa utakuja kunirekebisha."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Wiki tano hawakusemeshana.

Wiki ya sita Kitinda alilazwa kwa homa. Shemeji, yaani mume wake, alimpigia Dokta kumwambia asiwe na wasiwasi, ni homa ya kawaida, Jumamosi atatoka. Alhamisi saa sita mchana simu ya Dokta iliita, na jina lililoandikwa pale lilikuwa la Kitinda mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Kesho yake alfajiri Kitinda akafariki.

Msibani, kila aliyeuliza kuhusu simu ile alipewa jibu moja: mikono ilikuwa kwenye plasta. Plasta ikishakorogwa haimngoji mtu, dakika chache imekuwa jiwe, na taya la mteja lilikuwa mkononi. Watu walielewa, wengine wakampa pole mara ya pili kwa ajili ya hilo. Ila haikuwa kweli. Mikono yake ilikuwa safi, imetulia juu ya meza, kando ya simu. Alikuwa anangoja mdogo wake apige mara ya tatu.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama Kitinda aliondoka akiwa amemkasirikia, na hakuwa na wa kumuuliza.

Kopo la rangi lililetwa na shemeji pamoja na nyembe na misasa ya marehemu. Kitinda alikuwa amelinunua katika zile wiki za kununiana, rangi ya milango ya kijani kibichi, na juu ya kifuniko alikuwa amekwaruza neno "Malkia" kwa msumari. Maskini, hakujua lolote la rangi. Kwake rangi ni rangi. Angekuwa hai, Dokta angemcheka mwezi mzima. Sasa hakucheka. Aliipaka yote, hata bila andakoti, ile rangi ya kutangulia, akijua kabisa anachofanya, na alipomaliza alikaa akalia mpaka kwikwi ikamkaba.

Shemeji alipopiga kuomba amchukue Malkia akamweke sebuleni kwake, Dokta alimwambia bado hajakauka. Wiki iliyofuata alimwambia hivyohivyo.

Alama ya kwanza aliiona kwenye kifundo cha mguu, mchana, aliporudi nyuma baada ya kumhudumia mteja. Dole lilikuwa limebonyea kwenye rangi, wazi kabisa. Alijilaumu. Kisha akakumbuka kwamba karakana ile haingii bila glavu, na glavu zake zina vijinundu vidogo vidogo vya kuzuia utelezi. Alama hii haikuwa na vijinundu. Akachukua lenzi yake ya kukagulia meno. Kazi yake yote ni kusoma alama, nani kauma wapi na kwa jino lipi, kwa hiyo hakuwa mtu wa kudanganywa na kivuli. Haikuwa na vijinundu, na haikuwa na mistari. Lilikuwa dole gumba la kulia, laini tupu.

Alijikaza, akafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, nao ufunguo ni mmoja tu, akauvaa shingoni kwa uzi. Kesho yake mchana kulikuwa na alama mbili kiunoni. Kesho kutwa, moja kisogoni. Zote zilikuwa kwenye maungio, pale kipande kinapokutana na kipande, na hapo Dokta akaelewa kinachofanyika. Kitinda alikuwa na tabia ya kukagua kazi yake kwa kubonyeza kila ungio, sikio karibu, akisikiliza kama vinili inalia. Kila ungio, mara moja, kwa zamu. Alikuwa anakagua.

Mtu mwingine angebeba lile dude akalitupe mbali. Dokta, kusema kweli, alifurahi. Aliogopa pia, nywele zilimsimama kila alipoingiza ufunguo, lakini furaha ilikuwa juu ya woga. Akaanza kuondoka mle ndani kwa makusudi ili kumpisha. Akaacha kufagia karibu na meza. Hata birika alilijaza maji akaliacha palepale lilipokuwa likikaa siku za Jumamosi, na hakulichemsha, kwa kuwa kulichemsha aliona ni kuvuka mpaka.

Kisha akaanza kusikia. Sanamu ya vinili ni tupu ndani na ina kitundu chini ya kitako; ukiibonyeza kiunoni, hewa hutoka kidogo kidogo, na ukiiachia hujivuta tena. Dokta alikuwa mbele, ameshika taya la nta, anamwambia mteja aume pole pole, mara kutoka nyuma ya mlango uliofungwa ikasikika fyuu, ndefu, ikanyamaza, kisha ikavutwa ndani. Mteja aliuma nta. Fyuu nyingine. Aliuliza kama kuna mtu amelala huko. Dokta alisema ni pampu.

Wiki ya nane tangu mazishi alama zilifika kwenye bawa la kushoto. Hapo mambo yakabadilika. Sehemu nyingine ziliguswa mara moja zikaachwa. Bawa liliguswa kila siku. Alama zilirundikana, zikapandana, na chini yake vinili yenyewe ikaanza kubonyea kwa nguvu ya huyo aliyekuwa anabonyeza. Bawa likapinda. Dokta alilinyoosha kwa draya, akakuta kesho limepinda zaidi. Akalinyoosha tena. Siku tatu walishindana hivyo, kimyakimya, dada mtu akisahihisha asubuhi na mwenzake akikunja mchana, mpaka siku ya nne Dokta akajikuta ameshika draya, imewaka, na akajiona alivyo. Amekufa na bado namrekebisha. Aliizima, akaketi chini sakafuni kati ya mataya yake, furaha yote imemtoka.

Tangu siku hiyo alianza kuomba msamaha. Alimwomba Malkia, alimwomba mlango, aliomba akiosha vyombo nyumbani. Aliomba msamaha wa bawa, kwa maneno mazuri, yaliyopangwa. Lile la simu hakuligusa. Na alama za bawani ziliendelea.

Wiki ya kumi na moja shemeji alisema hangoji tena, anakuja Jumamosi, akauke asikauke.

Jumamosi hiyo saa nne asubuhi aliingia mzee mmoja fundi saa, mcheshi asiyejua kunyamaza hata siku ambazo hana jino mdomoni. Alikuja kuchukua meno yake mapya. Dokta aliyafuata nyuma yalikokuwa yakilowekwa, akasimama kidogo kumtazama Malkia, hakugusa kitu, akarudi mbele. Labda dakika mbili, labda tatu. Baadaye alijaribu kukumbuka dakika zile na hakupata kitu ndani yake. Mzee alipokea meno, akayavaa, akatabasamu kwenye kioo. Kisha akamtazama Dokta.

"Nani kakushika kidevu?" aliuliza.

Dokta aligeukia kioo. Upande mmoja wa taya kulikuwa na vidole vinne vya kijani, vimepangana. Upande wa pili dole gumba. Hakukuwa na mstari ndani yake. Rangi ilikuwa mbichi, na alipoigusa ndipo aliposikia kwamba ngozi pale inauma, kama ya mtu aliyeshikwa sawasawa na kugeuzwa uso kwa nguvu.

Mzee alicheka akasema mapenzi hayana umri, akalipia, akaenda zake. Dokta alibaki mbele ya kioo. Hakuifuta. Alikuwa ameambiwa sikiliza, na sasa hakukuwa na pa kujificha tena: si bawa lililokuwa likiulizwa.

Shemeji alikuja saa saba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, fundi wa lifti, mwenye mazoea ya kusimama akiangalia juu. Alimwona Dokta ana rangi usoni, akadhani ni kazi, hakuuliza. Walikwenda nyuma pamoja. Malkia alikuwa mezani, anang'aa kwa ubichi, alama za vidole zimemjaa maungioni, bawa moja limekunjamana. Shemeji alimtazama kwa muda kisha akasema kwamba hata hivyo ni mzuri, Kitinda mwenyewe angempenda.

Dokta alimwambia asubiri. Alivua glavu, akaziweka mezani.

"Shemeji, siku ile sikuwa na plasta mikononi."

Shemeji hakuelewa mara moja. Ilibidi amwambie tena, na safari hii alisema yote: simu ilikuwa pale, karibu na kiwiko, jina alilisoma, mlio wa kwanza aliusikiliza mpaka mwisho na wa pili pia. Alitaka kubembelezwa. Alitaka Kitinda ndiye ajishushe, kwa kuwa yeye ni mdogo. Alisema bila kulia, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Shemeji alikuwa amegeuka anatazama mataya kwenye rafu. Mtu angedhani anayahesabu.

"Simu ile nilimshikia mimi sikioni," alisema hatimaye. "Yeye mikono ilikuwa haina nguvu."

Dokta alishika ukingo wa meza.

"Ulipokosa kupokea nilimwambia uko kwenye plasta. Nilimtungia tu, asivunjike moyo. Wewe uliposema hivyohivyo msibani, nikashukuru, nikajua basi sikumdanganya."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema Dada hana plasta siku ya Alhamisi."

Ilikuwa kweli. Plasta ni Jumatatu na Jumanne. Alhamisi ni siku ya kung'arisha, imekuwa hivyo miaka yote kumi na tisa, na katika dunia nzima aliyejua hivyo alikuwa mmoja. Wote wale waliompa pole, mamia ya watu, waliuamini uongo huo, ilhali Kitinda alishaujua kabla hajafa.

"Alicheka vipi?" Dokta aliuliza. "Shemeji, niambie. Alicheka vipi?"

"Alicheka tu," alisema shemeji. Hakumtazama. Si mtu wa kulipiza, lakini pia hakusema yasiyokuwepo ili kumfariji, na Dokta hakumlaumu kwa hilo.

Hapo ndipo Malkia alipotoa pumzi. Walisikia wote wawili, fyuu, ndefu kuliko zote, ikitoka, ikitoka, mpaka kiuno kikaingia ndani kidogo. Wakangoja. Haikuvutwa tena. Shemeji alifuta jasho akasema ni joto la mle ndani, plastiki hupanuka. Kisha, kama mtu anayetaka kumaliza lililomleta aondoke, alimkamata Malkia kiunoni kwa kiganja kizima, kabla Dokta hajawahi kumzuia, akamnyanyua.

"Mbona ameshakauka," alisema, akamwonyesha kiganja chake kisicho na tone la rangi.

Dokta alimnyang'anya. Rangi ilikuwa ngumu. Rangi ya mafuta juu ya vinili, ambayo asubuhi ile ilikuwa inang'aa kwa ubichi, ilikuwa ngumu kama ya mlango wa zamani, na zile alama zote za dole lisilo na mistari zimegandia humo, kisogoni, kifundoni, bawani. Akabonyeza dole lake kando ya mojawapo. Rangi haikubonyea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka ukucha ukawa mweupe.

Shemeji alimwambia taratibu, atamvunja. Hakumsikia. Tangu siku ile ya draya alikuwa ameomba asamehewe, na sasa alikuwa anabonyeza kwa vidole vyote kumi, shingoni, kiunoni, chini ya taji, ndani ya mikunjo ya lile bawa, akitafuta hata mahali padogo palipobaki pabichi.